Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kelele za Ndege na Kero Nyingine za Mtaa, Mtwara

Majibu haya yameandikwa na kamati ya umoja wa wakazi wa mitaa iliyo jirani na Kiwanja cha Ndege cha Mtwara. Maswali ni yale tunayokutana nayo msibani, kijiweni, kwenye foleni ya maji na kwenye mikutano ya mtaa. Mengine yameulizwa kwa upole, mengine kwa hasira. Tumejibu yote kwa sauti moja.

Umoja huu unapinga uwanja wa ndege?

Hapana. Anayekumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, hahitaji kuelezwa faida ya ndege. Watu walikwama njiani na magari, wenye wagonjwa wakabaki kuulizana tu. Mkoa wenye barabara kuu moja ya kwenda Dar hauwezi kuuchukia uwanja wake.

Msimamo wetu ni huu, na tutaurudia mpaka mchoke: ndege zinazotua leo si nyingi kiasi cha kuunyima mtaa usingizi, lakini nyumba zinazoota leo chini ya njia ya ndege hizo ndizo zitakazolia kesho. Ndiyo maana nguvu zetu nyingi tunazipeleka kwenye suala la ardhi kuliko kugombana na marubani.

Mbona miezi mingine ndege zinapita juu ya paa langu na miezi mingine hazionekani?

Ni upepo. Ndege huruka na kutua ikiwa imeukabili upepo, kwa sababu upepo wa mbele huyasaidia mabawa kuinyanyua na hupunguza umbali inaokimbia ardhini. Barabara ya kurukia ya Mtwara imelala karibu kaskazini kwa kusini, na mji wenyewe uko kaskazini mwa uwanja. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili au Mei hadi kama Septemba, ndege nyingi hutua zikitokea upande wa mjini, kisha huondoka kwa kuelekea kusini. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka: ndege hutua zikitokea kusini na kuruka kuelekea mjini.

Tofauti hiyo si ndogo. Wakati wa kuruka injini hufanya kazi kwa nguvu kubwa, wakati wa kutua hupunguzwa. Kwa hiyo mkazi wa kaskazini mwa uwanja husikia ngurumo nzito Januari, na Julai husikia mvumo wa ndege inayoshuka, ambao ni mdogo lakini uko chini zaidi na karibu na bati. Mkazi wa kusini mambo yake ni kinyume. Wavuvi wa Shangani na Mikindani wanaijua kalenda hii kuliko kamati nzima.

Alfajiri upepo unapokuwa haujaamka, rubani na mwongoza ndege wanaweza kuchagua upande wowote. Hapo ndipo mazungumzo yanawezekana, na hilo tumeliomba kwa maandishi: upepo ukiwa umetulia, ndege ya mapema iruke kuelekea kusini, mbali na mji. Hatuombi zaidi ya hapo kwa upande wa njia, kwa sababu hakuna mkazi mwenye haki ya kumlazimisha rubani aruke akiupa upepo mgongo.

Ndege zimeongezeka kweli, au ni masikio yetu tu?

Uwezo wa uwanja umeongezeka. Katika ukarabati uliofanyika, barabara ya kurukia ilirefushwa kutoka mita 2,258 hadi mita 2,800, na upana wake ukatoka mita 30 hadi 45. Zikawekwa na taa. Kwa lugha nyepesi, uwanja uliokuwa ukitegemea mwanga wa jua na ndege za kadiri sasa unaweza kupokea ndege kubwa zaidi, na usiku pia.

Wazee wa mtaa huu watakukumbusha kwamba makelele si mageni. Miaka ya 2010 hadi 2014 hivi, utafutaji wa gesi ulipopamba moto baharini, helikopta zilizokuwa zikipeleka wafanyakazi kwenye meli za kuchimba visima zilikuwa zikipita kila siku. Kisha utafutaji ukapoa, na helikopta zikapungua. Mradi wa kusindika gesi kimiminika uliopangwa Likong'o, Lindi, ukianza kujengwa, tutarajie pilikapilika hizo kurudi. Ndiyo maana tunasema tujipange sasa, wakati bado kuna utulivu.

Ni ndege ipi yenye kelele zaidi?

Helikopta. Haina mshindani. Inaruka chini, inakawia hewani, na mapigo ya panga lake hutikisa vyombo kabatini. Tungependa helikopta zipite baharini kadiri inavyowezekana na kuingia uwanjani kwa njia fupi, na hilo ni jambo la kuzungumza na kampuni inayozikodi kabla mkataba haujaanza, si baada.

Za pangaboi, kama Dash 8 Q400, zina mvumo mzito unaosikika mapema na kupotea taratibu. Jeti kama Airbus A220 hunguruma zaidi inaporuka, ila injini zake ni za kizazi kipya: feni ya mbele huzungushwa kupitia gia, hivyo huenda polepole kuliko ya jeti za zamani, na kelele hupungua. Wanaosimulia jeti za miaka ya themanini hawadanganyi; zile zilikuwa balaa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limekuwa likikaza viwango vya kelele kwa kila kizazi cha ndege, na vya karibuni vilianza kutumika kwa ndege kubwa mpya mwishoni mwa 2017.

Nimepima kwa simu nikapata desibeli 80. Huo si ushahidi?

Ni mwanzo mzuri, si ushahidi wa kupeleka mbele. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayeongea, na simu mbili za aina tofauti zikiwekwa meza moja hutoa namba mbili tofauti. Itumie kulinganisha: simu ileile, mahali palepale, siku tofauti.

Desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, zina hesabu yake. Haziongezeki kama shilingi. Desibeli 80 si "kidogo tu" juu ya 70: sikio huisikia kama mara mbili, na nguvu ya sauti yenyewe ni mara kumi. Pili, watafiti hawaangalii mlio mmoja pekee. Hukusanya kelele za siku nzima na kuzipa uzito zaidi zile za jioni na usiku. Kwa hesabu hiyo, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya lilishauri kelele za ndege zisizidi wastani wa desibeli 45, na usiku 40. Mwongozo huo si sheria ya Tanzania, lakini ni kipimo kizuri cha kujiuliza tulipo.

Kwetu kuna Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zinatenganisha mchana na usiku, na eneo la makazi na eneo la viwanda. Wenye vifaa vinavyokubalika ni NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, na ofisi yao ya Kanda ya Kusini iko hapahapa Mtwara. Waombe waje. Barua ya umoja ina uzito kuliko ya mtu mmoja.

Malalamiko ya ndege niyapeleke wapi?

Hapa watu wengi hupoteza muda, kwa hiyo tutafafanua.

Anayeendesha kiwanja ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA: uzio, majengo, taa, ndege kuwashwa injini zikiwa zimeegeshwa, takataka ndani ya eneo lao. Ofisi ya meneja wa kiwanja ndiyo mlango wa kwanza. Anayesimamia usafiri wa anga na kuongoza ndege zikiwa hewani ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA: njia, urefu wa kuruka, ndege inayopita chini kupita kiasi. Ukimpelekea TAA swali la njia ya hewani atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuelekeza kwingine. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za anga, lakini hilo kazi yake ni abiria: mzigo uliopotea, safari iliyoahirishwa. Wewe uliyelala kitandani si abiria.

Kabla ya kwenda kokote, andika. Tarehe, saa, ndege ya pangaboi au jeti au helikopta, ilikuwa ikipanda au kushuka, ilielekea wapi, na ilikuzuia kufanya nini. "Zinatusumbua sana" haimsaidii mtu ofisini. "Saa tisa usiku, helikopta, imezunguka juu ya mtaa kabla ya kutua" inampa pa kuanzia, kwa sababu mnara wa kuongozea ndege una kumbukumbu zake. Kisha mwone mwenyekiti wa mtaa, upate barua ya utambulisho, nakala uiache kwa mtendaji wa kata. Diwani apate nakala pia. Kuruka ngazi humpa kila ofisa sababu ya kukurudisha chini.

Kwa nini msidai ndege za usiku zipigwe marufuku?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mgonjwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, na bado wapo wagonjwa watakaohitaji kukimbizwa Dar es Salaam. Hakuna mwanakamati atakayetia saini barua ya kuizuia ndege hiyo.

Ya pili ni utaratibu. Tangu 2001 ICAO inazitaka nchi wanachama zishughulikie kelele kwa mizani ya mambo manne: ndege zenyewe ziwe tulivu, ardhi inayozunguka uwanja ipangwe vizuri, marubani watumie namna za kuruka na kutua zinazopunguza kelele, na mwisho kabisa, ikishindikana, ndipo ndege zizuiwe. Ukianza na la mwisho utaambiwa hukujaribu matatu ya mwanzo, na watakuwa na haki.

Tunachodai ni kwamba safari za kawaida za ratiba zisisogezwe usiku wa manane kwa sababu tu taa zipo, na mafundi wasijaribu injini kwa nguvu kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Nimeonyeshwa kiwanja cha bei nzuri karibu na uzio wa uwanja. Ninunue?

Bei ni nzuri kwa sababu. Hili ndilo swali tunalotaka liulizwe kila siku, na haliulizwi mpaka msingi umeshajengwa.

Anza Manispaa ya Mtwara-Mikindani, idara ya ardhi na mipango miji. Omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo na uulize matumizi yaliyopangwa. Kuna sehemu zinazozunguka kiwanja cha ndege ambazo hazikupangwa kuwa makazi kabisa, na kuna ambazo unaruhusiwa kujenga lakini si kwenda juu. Ndege inaposhuka hutakiwa kuwa na anga tupu mbele yake, kwa hiyo ghorofa, mnara wa simu, hata mnazi mrefu uliosimama kwenye mstari wa barabara ya kurukia ni kikwazo. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 huwezi kujenga mjini bila kibali, na kibali cha eneo kama hili kinapaswa kupita kwa wenye anga pia. Hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa na kugongwa muhuri haikupi kibali hicho. Inathibitisha tu kwamba ulitoa hela.

Halafu nenda kiwanjani mwenyewe, mara mbili: wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Aliyekwenda Julai kaskazini mwa uwanja akakuta mvumo tu, Januari atamkumbuka dalali kwa maneno mazito. Ukishindwa kusubiri msimu, muulize mpangaji wa nyumba ya jirani. Mwenye nyumba anaweza kuficha, mpangaji hana cha kupoteza.

Umoja umeiomba Manispaa iachane na kupima viwanja vipya vya makazi kwenye mstari wa ncha zote mbili za barabara ya kurukia, na maeneo hayo yabaki mashamba, maghala, karakana, au mikorosho iliyopogolewa. Kuna wenzetu wanaomiliki mashamba huko ambao hawakufurahi, maana shamba likikatwa viwanja hulipa zaidi. Tunawaelewa. Lakini familia mia zikishajenga pale hakuna ofisa atakayezihamisha, na lawama zote zitarudi kwa uwanja uliokuwepo kabla yao.

Uwanja ukipanuliwa na kuchukua eneo langu, nitalipwaje?

Fidia ni ya thamani ya soko ya ardhi na ya vilivyomo: nyumba, mikorosho, minazi. Juu yake kuna posho ya usumbufu, usafiri wa kuhamisha mizigo, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kama ulikuwa na biashara. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema tathmini ikishaidhinishwa na miezi sita ikapita bila malipo, riba inaanza kuhesabika, na ikipita miaka miwili tathmini inakufa, irudiwe upya. Kwa hiyo siku mthamini anapokuja, uwepo. Hesabu miti pamoja naye, soma fomu kabla ya kusaini, piga picha, na baki na nakala yako. Upanuzi wenyewe unatakiwa utanguliwe na tathmini ya athari kwa mazingira ambamo wakazi husikilizwa. Mkisikia tangazo la mkutano huo msimwachie mwenyekiti peke yake.

Kelele peke yake, bila ardhi kuchukuliwa, haimo kwenye orodha hiyo. Sheria ya fidia inahesabu mikorosho, haihesabu usingizi.

Nyumba yangu ina nyufa. Ni ndege?

Mara nyingi sana, hapana. Tazama msingi, tazama tofali zilizofyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni wenye chumvi, na tazama malori yanayopita mlangoni.

Watoto wanasoma karibu na uwanja. Kuna madhara?

Kwa idadi ya ndege tulizo nazo sasa, hofu isiwe kubwa. Lakini jambo lenyewe ni la kweli. Mwaka 1992 mji wa Munich, Ujerumani, ulihamisha uwanja wake wa ndege, na watafiti wakafuatilia watoto wa pande zote mbili. Kule uwanja ulikofungwa, watoto waliokuwa nyuma kwa kusoma na kukumbuka waliinuka. Kule ulikofunguliwa, wakaanza kushuka. Kinachoumiza ni kukatizwa mara kwa mara: mwalimu ananyamaza, darasa linageuka dirishani, sentensi inapotea.

Kwa hiyo tunawaomba walimu waandike ni mara ngapi kwa siku somo linasimama. Na shule mpya isijengwe kwenye mstari wa ndege, hata kama ardhi ya bure iko huko.

Nifanye nini nyumbani kupunguza kelele?

Weka dari. Bati tupu hupitisha kila kitu, iwe mvua au jeti, na nyumba ya makuti ya bibi ilikuwa tulivu kuliko yako. Dari ya jipsamu au mbao, iliyozibwa vizuri pembeni, husaidia kuliko jambo lolote jingine kwa gharama yake. Vyumba vya kulala viwe upande usiotazama uwanja. Miti hupendeza na huleta kivuli, lakini haizuii sauti inayotoka juu.

Mashine za kupulizia mikorosho zinawashwa alfajiri, na salfa inaingia ndani. Hilo nalo mnalishughulikia?

Tunalishughulikia, na ni gumu kuliko ndege, kwa sababu anayepuliza ni mjomba wako.

Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, usipodhibitiwa, maua yanakauka na hakuna korosho. Salfa ya unga hupulizwa kuanzia Juni hivi, na hupulizwa alfajiri kwa sababu majani yana umande, unga unashika, na upepo haujaanza kuupeperusha. Ukimwambia mkulima asubiri saa tatu asubuhi, umemwambia amwage hela. Tatizo ni mji kuingia shambani: mikorosho ambayo zamani ilikuwa porini sasa imezungukwa na madirisha.

Tulichokubaliana na wakulima wa ndani ya mitaa ni kwamba mwenye shamba atoe taarifa jioni ya kuamkia siku ya kupuliza, ili watu wafunge madirisha, wafunike maji na kuanua nguo. Mashamba yaliyobanwa kabisa na nyumba tunashauri yatumie viuatilifu vya maji, ambavyo havisambai kama unga. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele wapo jirani, waulizeni aina na kipimo. Mwenye pumu asikae karibu siku hiyo. Na anayepuliza avae barakoa, jamani, kitambaa cha shingoni hakitoshi.

Na muziki wa baa, vigodoro, ngoma?

Tuseme ukweli. Kwenye daftari letu la malalamiko, ndege si namba moja. Namba moja ni spika za usiku, na zinaongoza kwa mbali. Ndege hupita na kuondoka. Baa hukaa hadi alfajiri.

Hatua ya kwanza ni kuzungumza na mwenyewe, mchana, akiwa hajachanganyikiwa na wateja. Ya pili ni mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kwa sababu leseni na masharti ya muda wa baa yako Manispaa. Ikishindikana, NEMC: kanuni zilezile za 2015 zinamhusu mwenye baa, mwenye karakana, na nyumba za ibada zinazofunga spika kubwa nje. Hatuchagui dini wala kinywaji.

Ngoma za jando na unyago tunaziweka kando kidogo. Zina msimu wake, watoto wakiwa likizo, na ni zetu. Tunachoomba ni kibali kichukuliwe, na spika za kukodi zizimwe usiku mkubwa. Ngoma yenyewe ilitosha miaka yote kabla ya spika.

Malori ya korosho na makaa ya mawe?

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Januari, na makaa yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini kwa mwaka mzima. Madai yetu ni matatu tu: maturubai yafunge mzigo kweli, malori yasiegeshwe mitaani usiku injini zikiunguruma, na yapite barabara kuu badala ya njia za mkato. Namba ya gari na saa, tuletee.

Kwa nini mnakazania takataka hivyo? Zinahusiana nini na ndege?

Kunguru. Dampo lisilo rasmi huvuta kunguru, na kunguru akiingia kwenye injini wakati wa kuruka anaweza kuiharibu. Ndiyo hoja pekee tuliyonayo inayofanya watu wa uwanja, wa Manispaa na wa mtaa wakae meza moja haraka, kwa hiyo tunaitumia bila aibu kila gari la taka linapochelewa.

Watoto wanaweza kurusha tiara? Na droni ya harusi?

Tiara karibu na uwanja, hapana, wapelekeni ufukweni. Droni inahitaji kibali cha TCAA popote ilipo, na karibu na uwanja wa ndege hata mpiga picha maarufu asikudanganye kwamba "amezoea".

Mpangaji anaweza kujiunga?

Ndiyo, na anapiga kura sawa na mwenye nyumba. Analala chini ya bati hilohilo.

Mbuzi wangu amepenya ndani ya uzio wa uwanja. Nimfuate?

Usimfuate. Kuvuka uzio ni kosa hata kama mbuzi ni wa hitma ya kesho, na mnyama kwenye barabara ya kurukia ni hatari kwa watu walioko hewani. Kimbilia lango kuu, waambie walinzi ulipomwona mara ya mwisho, nao watawasiliana na mnara. Ukishampata, mfunge, halafu uje utuonyeshe tundu alilopitia, kwa sababu barua ya kuomba uzio uzibwe tayari imeandikwa na inasubiri kutajiwa mahali.